Jina la Josias

Jumatatu, 8 Septemba

Mshauri niliyepangiwa na chuo amesema niandike kila siku, hata mstari mmoja, ili usingizi urudi. Nilimuuliza niandike kwa lugha gani. Akasema yoyote. Kifaransa nimekifundishia miaka kumi na minne, Kiingereza nakijazia fomu. Nitaandika Kiswahili, lugha niliyokuwa nikiongea na Josias tukiwa mtoni na chupa zetu.

Niweke mambo wazi, kama nilivyoelekezwa. Naitwa Goreth, mwalimu wa kemia ya maji. Nilipima visima vya vijiji vilivyo chini ya mgodi mmoja wa dhahabu kule kwetu Kivu, nikakuta zebaki. Makala ilitoka Februari. Machi wakaja wanaume watatu nyumbani kwangu wakiwa wameichapisha, mmoja akanisomea jina langu kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nikavuka mpaka wiki ile ile. Mfuko mmoja wa Ulaya unaowatafutia hifadhi wasomi walio hatarini umenipa nafasi katika chuo hapa Durban hadi mwisho wa Februari. Nafasi inaweza kuongezwa mwaka mmoja, wakipenda.

Josias ni fundi wangu wa maabara. Yeye amebaki.

Jumanne, 9 Septemba

Tumbili wameingia jikoni kupitia dirishani na kuchukua mkate. Marie-Claire, mwenye fleti, anasema kosa ni langu.

Ijumaa, 12 Septemba

Ujumbe kutoka kwa Josias. Amehamia Uvira kwa shangazi yake. Kuna watu walikwenda maabara kuuliza daftari la vipimo. Hawakulipata, kwa sababu analo yeye. Ameandika: "Dokta, kazi iko salama." Hakuandika kwamba yeye yuko salama. Nimemuuliza. Tiki mbili, ila hajajibu.

Jumatano, 17 Septemba

Amejibu: "Niko."

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya ibada Marie-Claire alitaka twende Morningside, kuna duka analonunulia mafuta ya nywele. Ndiye mwenye fleti ninamopanga chumba hapa Umbilo. Ni mtu wa Uvira, anasuka saluni, na ana miaka kumi hapa, kwa hiyo ananionyesha kila kitu kama vile mimi ni mgeni wa jana.

Kwenye maegesho, mzee mmoja mwenye kizibao cha njano alikuwa anamwelekeza dereva arudi nyuma. Njoo, njoo, simama. Nilimtambua kwa mkono kwanza. Mkono ule ndio ulionifundisha kushika bureti maabarani.

"Goreth," akasema. "Bado unasuuza pipeti mara tatu?"

Profesa Anaclet. Alitufundisha mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Aliondoka miaka kumi na mitatu iliyopita, baada ya kukataa kufuta jina la mwanafunzi aliyeuawa kwenye orodha ya wahitimu. Tulisikia yuko Kanada. Kila mtu alisema Kanada.

Sikujua niweke wapi macho. Yeye hakuwa na shida. Aliniuliza kuhusu zebaki, mbinu niliyotumia, kiwango cha chini kabisa tulichoweza kupima. Katikati ya swali gari likaondoka, akaenda, akarudi, akaendelea na sentensi pale pale alipoiachia. Nilimwambia nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote.

Alhamisi, 2 Oktoba

Fathima ameniita ofisini. Ndiye anayesimamia wageni wa Mfuko hapa chuoni. Ni mzaliwa wa Durban, Mwislamu, ukoo wake ulitoka pwani ya Afrika Mashariki enzi za mababu. Bibi yake alisema Kimakua, yeye amebaki na maneno matano. Ana roho nzuri lakini kila kitu kwake kina tarehe.

Habari ni kwamba iko nafasi moja ya dharura. Kila msomi aliye chini ya Mfuko anaweza kupendekeza mtu mmoja. Mwisho wa kutuma ni tarehe 31.

"Una mtu?" akauliza.

"Ninaye."

Nimefungua fomu. Jina, nchi, hatari inayomkabili. Nikaandika kwa haraka mpaka vidole vikauma. Ukurasa wa pili unataka machapisho ya mpendekezwa, angalau moja. Nimefunga kompyuta.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimemtumia Josias ujumbe, haujamfikia. Tiki moja.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua. Tiki moja.

Jumanne, 7 Oktoba

Tiki moja.

Alhamisi, 9 Oktoba

Simu imeita kutoka namba ya kule kwetu nisiyoijua. Nilipopokea hakuna aliyesema. Nilisikia redio upande wa pili, mtu anatangaza mpira. Ilikatika baada ya dakika moja hivi. Leo nimebadilisha njia ya kwenda chuoni na sikumwambia mtu, ingawa najua kwamba aliyeko Kivu hawezi kujua napita barabara gani hapa. Josias tiki moja.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisa zima linajua kuhusu nafasi. Sijui imetokaje. Marie-Claire anasema nilimwambia mimi mwenyewe nikiwa napika, na huenda ni kweli.

"Dada Goreth," aliniambia tukirudi, "iko mtu mmoja tu ambaye watu wote wanamuombea ile nafasi, na unamjua. Mtu amesoma vile, anachunga magari. Wewe huoni haya?"

"Naona."

"Basi?"

Jioni Profesa Anaclet akaja mwenyewe, amevaa koti la suti. Alikaa pembeni ya kochi, hakunywa chai. "Sikuja kulia," akasema. "Nimekuja kuomba. Nina miaka sitini na tatu. Mwaka mmoja ndani ya maabara ungenitosha. Nilifikiria kukuomba kupitia mtu mwingine, nikaona si heshima kwako."

Nilisema nafikiria. Alishukuru kwa neno hilo, akaondoka. Nimejisikia vibaya zaidi ya siku ile kwenye maegesho, kwa kuwa yeye alisema ukweli wake wote na mimi sikusema wangu hata nusu.

Jumanne, 14 Oktoba

Tiki moja. Siku ya kumi na moja.

Alhamisi, 16 Oktoba

Amepiga. Yuko Bujumbura.

Walikwenda kwa shangazi yake. Yeye alikuwa amekwenda kuchaji simu kwa jirani, akawaona kwa upenyo wa uzio. Walimchukua mdogo wake, wakamrudisha kesho yake na mkono umevunjika. Josias akavuka kwa miguu na daftari limefungwa kiunoni ndani ya mfuko wa plastiki. Sasa analala kwa mtu wa parokia na hajui ataruhusiwa kukaa hadi lini.

Nilimwambia pole. Nikasema pole mara nyingi sana. Yeye akaniuliza kama maji ya Durban ni magumu au laini.

Hakuomba kitu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siwezi kuendelea kuzungukazunguka. Niandike.

Josias ndiye aliyepima. Mimi nilikwenda bondeni mara nne, yeye alikwenda zaidi ya mara thelathini, kwa pikipiki, chupa zimefungwa kwa blanketi. Ndiye aliyegundua kwamba visima vya upande wa mashariki vinabadilika mvua zikianza, na aya nne za makala zinazoeleza jambo hilo aliziandika yeye, mimi nikarekebisha Kifaransa chake tu. Kabla ya kutuma aliniuliza, akiwa amesimama mlangoni, anapangusa mikono: "Dokta, na mimi nitaandikwa?" Nikamwambia ni bora asiandikwe, kwa usalama wake. Jina lake nililiweka mwishoni, kwenye shukrani, kati ya dereva na mlinzi wa chuo.

Nimejiambia hadithi hiyo ya usalama kwa miezi minane, na kwa sehemu ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo, na kamati yetu huhesabu zaidi makala yenye mwandishi mmoja. Na nilifikiri: fundi ni fundi.

Ningemwandika, leo angekuwa na chapisho moja. Fomu inadai chapisho moja.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimekwenda Morningside. Mvua ilikuwa nyepesi, Profesa alikuwa amesimama chini ya paa la duka la dawa. Nilimwambia sitampendekeza yeye, nampendekeza Josias, na nikamweleza kwa nini, yote, hata habari ya cheo. Nilitegemea anikemee, ningependa anikemee.

Alikwenda kuziongoza gari mbili zilizokuwa zinatoka, akarudi.

"Makala yako ya kwanza kabisa," akasema, "ile ya chumvi za ziwa. Wewe ulikuwa mwanafunzi. Jina lako niliweka wapi?"

"La kwanza, Profesa."

"Na mimi nilikuwa nangoja cheo mwaka ule." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anakumbuka tu, anaangalia barabara. Kisha akauliza, "Huyo kijana anajua kueleza mbinu, au anajua kufuata tu?"

"Anajua kuliko mimi."

"Mwambie anitumie kurasa za daftari. Nitazisoma na nitaandika barua ya ushuhuda. Jina langu bado lina uzito kidogo kwa wanaonikumbuka."

Nikasema, "Profesa, ni nafasi uliyoiomba wewe."

"Najua niliomba nini, Goreth."

Akaniacha hapo, kuna mama alikuwa anahangaika kutoka kinyumenyume.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimempigia Josias. Nilimwambia nataka kuliandikia jarida masahihisho, niseme hadharani kwamba yeye ni mwandishi mwenza. Nilimwambia hatari yake: jina lake litakuwa mtandaoni, mtu yeyote atalisoma, na akikosa nafasi atabaki Bujumbura, karibu na mpaka, na jina hilo.

"Dokta," akasema, "wale wanaonitafuta wanalijua jina langu tangu mwanzo. Walikwenda hadi kwa shangazi yangu. Wasiolijua ni hao wa jarida."

Baadaye akaongeza, sauti imeshuka, "Nilidhani hutasema."

"Hata mimi."

Ijumaa, 24 Oktoba

Barua imekwenda. Nimeandika kwamba kosa ni langu, si la uhariri, wala si la Josias.

Nilimpelekea Fathima nakala pamoja na fomu, sikutaka aisikie kwa wengine. Alisoma amesimama, halafu akakaa.

"Unajua lazima niwataarifu Mfuko," akasema.

"Najua."

"Na ombi lako la mwaka wa pili liko mezani kwao wiki hii hii. Ungesubiri mwezi mmoja, Goreth. Mwezi mmoja tu."

"Fomu inafungwa tarehe 31."

Alivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa mtandio. Nilizoea kumwona kama mtu wa mafaili. Leo nilimwona amechoka, amechoka kwa ajili yangu. Alisema atawaandikia Mfuko maelezo yake mwenyewe na kwamba hataongeza wala kupunguza neno.

Ijumaa, 31 Oktoba

Fomu ya Josias imetumwa pamoja na barua ya Profesa Anaclet, kurasa tatu. Amemuuliza Josias kwa simu maswali saa nzima. Josias aliniambia hajawahi kufanyiwa mtihani mgumu vile na alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu Machi.

Jumatano, 5 Novemba

Hakuna jibu.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua siku tatu mfululizo. Upande wa chini wa barabara maji yamefika magotini, taxi zinageuka kwenye robot, taa za barabarani, na kurudi. Marie-Claire hazungumzi nami tangu nilipomkatalia Profesa. Anapika, anaacha sahani yangu imefunikwa, anaingia chumbani.

Alhamisi, 13 Novemba

Jarida limejibu. Wameunda kamati ya uchunguzi. Wakati uchunguzi unaendelea, makala itawekewa alama ya tahadhari. Nilisoma neno hilo mara nyingi. Maana yake ni kwamba mwenye mgodi naye anaweza kulisoma, na kusema: mnaona, hata wao hawaiamini. Sikuwa nimefikiria hilo. Nilifikiria cheo changu, maisha ya Josias, aibu, vyote, ila sikufikiria wanawake wa bondeni ambao waliacha kuchota pale kwa sababu tuliwaambia.

Sijala leo.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimewaandikia jarida tena. Nimeomba alama ile iseme wazi kwamba kinachochunguzwa ni majina ya waandishi, si vipimo. Josias amenitumia picha za daftari, ukurasa kwa ukurasa, nimeambatisha.

Jumanne, 18 Novemba

Marie-Claire amerudishwa mlangoni kliniki. Kuna kundi la watu linakaa getini, linadai vitambulisho, asiye raia haruhusiwi hata kupimwa presha. Alikwenda na karatasi zake zote. Alikaa jikoni amevaa viatu, hajafungua hata mwavuli kuukausha.

"Miaka kumi," akasema. "Ninasuka nywele za hao hao."

Nilimpima presha kwa mashine niliyokopa chuoni. Ilikuwa juu. Kesho nitamsindikiza kwa daktari wa mtaani. Hivyo ndivyo tulivyoanza kuongea tena, bila kulitaja jambo lenyewe.

Jumapili, 23 Novemba

Namba isiyojulikana imepiga tena. Safari hii kikohozi kimoja. Sijabadilisha njia.

Jumatatu, 1 Desemba

Jarida limebadilisha maneno ya tahadhari kama nilivyoomba.

Jumatano, 3 Desemba

Josias ameambiwa parokiani kwamba mwisho wa kukaa hapo ni Krismasi.

Alhamisi, 11 Desemba

Fathima alinipigia, akasema nije, tusiongee kwa simu. Nilipanda ngazi nikijua ni mbaya.

Zilikuwa barua mbili. Alinipa ya kwanza: ombi langu la mwaka wa pili limekataliwa. Wanaheshimu uwazi wangu, wameandika, lakini kanuni zao kuhusu uadilifu wa utafiti haziwaruhusu. Nafasi yangu inaisha tarehe 28 Februari.

Halafu akanipa ya pili. Josias amekubaliwa. Miezi kumi na miwili, chuo hiki hiki, kuanzia Februari. Kamati imetaja barua ya Profesa.

Nilizishika zote mbili. Fathima akasema, "Sikujua nikupe ipi kwanza."

"Umefanya vizuri."

Kisha nikalia, na nisingeweza kumwambia nalilia barua ipi. Alifunga mlango, akakaa nami bila kuangalia saa.

Ijumaa, 12 Desemba

Nilikwenda kumwambia Profesa. Alikunja kizibao, akakiweka begani, tukatembea mpaka chini ya mteremko na kurudi. Alitaka kujua chuo kina mashine gani ya kupimia zebaki. Niliporudia kusema samahani, akasema, "Inatosha sasa."

Fathima ameanza kuulizia kama idara inaweza kumpa Profesa vipindi vya vitendo, hata viwili kwa wiki. Hajaahidi. Wala sikumwambia Profesa.

Jumatano, 24 Desemba

Parokia wamemwongezea Josias mwezi mmoja. Ubalozi umefungwa hadi Januari.

Alhamisi, 8 Januari

Viza: tunasubiri.

Alhamisi, 15 Januari

Tunasubiri. Joto kali, madirisha wazi, tumbili tena. Nimeomba kazi sehemu sita. Mbili zimejibu hapana. Karatasi yangu ya kukaa nchini inategemea nafasi ya Mfuko, na Fathima anasema tukaonane na mwanasheria wa wakimbizi kabla Februari haijaanza.

Jumanne, 27 Januari

Josias haonekani. Tiki moja tangu juzi.

Jumatano, 28 Januari

Tiki moja. Mwili wote unakumbuka Oktoba.

Alhamisi, 29 Januari

Alikuwa ameuza simu ili alipie vipimo vya afya vya viza. Viza imetoka.

Jumamosi, 7 Februari

Ndege yake ilitua saa nane mchana. Tulikwenda wanne: Profesa, Fathima aliyetuendesha, Marie-Claire na chakula ndani ya bakuli, na mimi.

Alitoka karibu wa mwisho. Amekonda, shati limempwaya. Alimsalimu Profesa kwa mikono miwili, akainama. Aliponifikia tulisimama tu. Sikujua kama nina haki ya kumkumbatia, nikampa mkono, naye akaushika.

Garini alikuwa akitazama magari, vilima, vibao. Alikula kwa Marie-Claire sahani mbili. Halafu akainua shati, akafungua plastiki, akaweka daftari mezani mbele yangu.

"Dokta, ile barua yako kwa jarida niliisoma," akasema. "Uliandika tulipima visima arobaini na viwili."

"Ndiyo."

"Ni arobaini na saba."

Nilimwambia nimehesabu mara nyingi. Alifungua kurasa za mwisho, ambazo picha zake hazikuwa nazo. Vijiji viwili vya juu, karibu kabisa na mgodi, ambako mimi sikuwahi kuthubutu kufika. Tarehe ni za Aprili na Mei. Namba zilikuwa kubwa kuliko zote tulizowahi kupata.

"Mimi nilikuwa nimeshaondoka," nikasema.

"Ndiyo. Lakini watu walikuwa bado wanachota."

Profesa alivaa miwani, akalivuta daftari kwake. Aliuliza chupa zilihifadhiwa vipi, na Josias akaanza kumweleza. Niliwasikiliza kwa muda. Kisha nikaenda chumbani nikaleta kompyuta, nikaandika kichwa cha makala mpya, na chini yake nikaandika jina la Josias. Lilikuwa peke yake. Nikamsogezea aendelee.